Siku Tuliyofagia Kiwanja

Ramani ilikuwa imeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, vile vya plastiki vya rangi rangi, sawa kabisa na vya kwetu nyumbani. Nilianza kwa kutazama vibanio kwa sababu niliona haya kusogea karibu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wazima, na kila aliyefika mbele aliinama, akatafuta nyumba yake, akaiwekea kidole na kucheka kama mtu aliyejiona kwenye picha. Mimi watu wakiwa wengi mikono hunishinda, sijui niiweke wapi. Susu, nyanya yangu mzaa mama, akanisukuma mgongoni.

"Enda unisomee," alisema. "Macho yangu leo si mazuri."

Macho yake hayana neno. Anaweza kuona uzi uliopinda kwenye kiondo cha mtu aliyeketi ng'ambo ya barabara. Ila shule aliiacha mapema sana, na mbele za watu huwa anayasingizia macho. Basi nikaenda.

Afisa wa kaunti alikuwa ameshatueleza kwamba huu ndio mpango mpya wa mji wetu wa Machakos: wapi pawe nyumba, wapi maduka, wapi viwanda, wapi paachwe kama palivyo. Alisema haujapitishwa, ni rasimu tu, na tumeitwa ili tuuone na kusema tunayoyaona. Hudhurungi ilikuwa makao ya watu. Nyekundu, biashara. Kijani, mashamba na bustani. Zambarau, viwanda na maghala. Nikaanzia kanisani, nikashuka na barabara hadi posho mili, kinu cha kusagia unga, nikakata kona, nikaiona nyumba yetu, kijisanduku cha hudhurungi kama chembe ya mchele. Ng'ambo ya barabara ndipo kilipo kiwanja chetu. Kwenye ramani kilikuwa cheupe, kimepigwa mistari ya zambarau.

Nikasoma maelezo ya chini, nikayarudia nikitumaini nimekosea. Nyeupe: ardhi isiyotumika. Mistari ya zambarau: maghala, pendekezo.

"Wamesema nini kutuhusu?" Susu aliniuliza.

Nilitafuta neno laini, sikulipata. "Wameandika hapatumiki, Susu. Wanapendekeza pajengwe magodauni."

Alikitazama kile cheupe. Halafu akasema, polepole, kama anayeongea na ramani wala si mimi, "Ni mimi nilipafagia."

Ili mtu aelewe alichomaanisha, lazima kwanza ajue kiwanja, kisha amjue Susu na ufagio wake.

Kiwanja ni cha kaunti na hakina ua. Zamani mtaa wetu ulikuwa mashamba, milima ya Iveti ikitutazama kwa nyuma, lakini sasa mashamba yamekatwa ploti za futi hamsini kwa mia na kila ploti imejazwa vyumba vya kupangisha, vimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwambia pole. Kiwanja ndicho kilichobaki. Hapo ndipo mwethya wa Susu hufanyia kazi. Mwethya ni kikundi cha kina mama wanaosaidiana. Enzi za ujana wa Susu walikuwa wanachimba makinga ya maji mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila mtu afikiwe. Mashamba yalipokwisha, mwethya haukwisha. Wakahamia kwenye viondo, vikapu vya mkonge. Wanakwangua mkonge, wanachemsha rangi kwenye sufuria kuukuu, wanaanika nyuzi kwenye kamba zilizofungwa kutoka mti hadi mti, wanasuka. Upande wa chini, siku moja kabla ya soko, hufika mzee wa mbuzi, mfanyabiashara Msomali anayenunua mifugo huko Mwala, na mbuzi wake hulala pale mpaka alfajiri. Punda wa mikokoteni ya maji hupumzika upande wa juu. Katikati ni goli la watoto, miti miwili ya mkaratusi na kamba ya mkonge iliyoibwa kwa kina mama, na kina mama wanajua.

Mimi nilikuwa sikipendi kiwanja kwa moyo wote, nitasema ukweli. Nikitoka shule na wenzangu wa kidato cha tatu, Susu akiniona tu huniita kwa jina la utotoni, tena kwa sauti ya kuvuka bonde, huku mikono yake ni myekundu hadi viwikoni kwa rangi kama mtu aliyetoka kuchinja. Siku nyingine nilipitia njia ya nyuma. Kwa hiyo nilipoiona ile mistari ya zambarau, kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyosema labda tutawekewa lami na taa za barabarani. Sehemu hiyo ilinyamaza nilipogeuka na kumkuta Susu anatafuta kiti cha kukalia, na haoni kiti, ilhali vilikuwa vingi mbele yake.

Sasa ufagio. Wiki chache kabla ya ile ramani, naibu wa chifu alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba maafisa wa kaunti watapita mtaani kutazama ardhi inatumikaje. Wengine walisikia habari za ardhi. Susu alisikia kwamba kuna wageni.

Kwetu mgeni hapokewi penye fujo. Mgeni akija nyumbani hata mwiko unafichwa. Susu, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa mwethya, akapeleka neno nyumba kwa nyumba, na kina mama wote wakatoka na fagio zao. Walikunja nyuzi za mkonge zikiwa bado mbichi, wakazirundika chumbani kwetu mpaka tukalala tukinusa kama kamba. Kamba za kuanikia zikafunguliwa. Sufuria ya rangi ikaingizwa jikoni, mawe ya jiko yakatupwa kichakani, majivu yakafukiwa. Mzee wa mbuzi aliombwa asilete mbuzi, akakubali mara moja, akasema hata yeye hangependa serikali ione kinyesi. Wenye punda wakafukuzwa kwa heshima. Goli likang'olewa. Mwisho tukanyunyizia maji ili vumbi litulie, na mimi nilichota maji hayo. Tulipomaliza, kiwanja kilikuwa kimechorwa mistari ya fagio kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyetaka kukanyaga. Kina mama walisimama pembeni wakikitazama kama bibi harusi.

Afisa alikuja peke yake, yuleyule aliyekuja kutueleza ramani ukumbini, dada mchanga wa raba nyeupe, na tableti mkononi. Kina mama walikuwa wamevaa leso za kufanana, chai iko tayari, na muthokoi pia, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, maana mgeni wa Susu hali mkate mtupu. Yule dada akapiga picha kiwanja. Akauliza kama kuna mtu anapatumia mahali hapa. Susu, ambaye maisha yake yote ameona watu wakiulizwa swali hilo kisha wakifukuzwa, alijibu kwamba hapana, mahali ni pa kaunti, wao hawajamsumbua mtu, wanapatunza tu. Dada akaandika. Akanywa chai, akasifu usafi, akaenda. Susu aliimba siku hiyo nzima.

Ndiyo maana kwenye ramani tulikuwa weupe.

Baada ya kutazama ramani watu waliketi, maikrofoni ikaanza kuzunguka. Kila mwenye neno aliruhusiwa, na maneno yote yalikuwa yanaandikwa. Kijana mmoja wa boda boda wa stegi yetu, kituo cha pikipiki, alisimama akasema magodauni yaje, hata kesho, kwa sababu vijana wamemaliza shule na kazi yao ni kupangusa pikipiki. Baadhi ya watu walimpigia makofi. Nilimwelewa. Naye hakuwa na ubaya, ndiye anayetubebea mkonge tukienda kuununua, na Susu kwa utani humwita "mume wangu".

Kisha ukaitwa mwethya. Susu akasimama. Nilijua ana la kusema, nililiona limemjaa kifuani. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akasalimu watu upande kwa upande, akamshukuru Mungu, akamshukuru naibu wa chifu, akamshukuru yule dada wa kaunti kwa kutukumbuka na kwa kuwa mtoto mwenye adabu aliyekula akamaliza sahani. Akasema asanteni. Akaketi.

Nilimnong'oneza, "Susu, umesahau kiwanja."

"Sijasahau," alisema. "Nisimame mbele ya watu niseme mgeni wangu amekosea? Na ni mimi nilimwambia hapana?"

Kama godauni lingekuja, mwethya usingekuwa na pa kuketi. Hakuna ua wa mtu mtaani kwetu unaoweza kulaza nyuzi hata za mama wawili. Wangetawanyika, kila mmoja na kikapu chake chumbani kwake, mlango umefungwa. Susu alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale ukumbini, na ulimi wake ulikuwa umefungwa na adabu.

Nikainua mkono. Uliinuka hadi sikioni. Mwenye maikrofoni alipogeukia upande wetu, mkono ukajikuta unakuna kichwa. Akapita.

Mkutano ukafungwa kwa maombi. Watu wakaenda kwenye chai, na yule dada akabaki anaiteremsha ramani peke yake, kibanio kimoja kimoja, karatasi ikimkunjikia kichwani. Sijui miguu yangu ilinipelekaje. Nadhani ni vile vibanio. Nilishika upande wa pili wa karatasi nikaanza kuvitoa, na mikono yangu ilipopata kazi, mdomo nao ukafunguka. Hata kina mama wa mwethya wako hivyo. Ukiwakuta wameketi bure wananyamaza, wakianza kusuka ndipo utajua nani ameolewa na nani ameachwa.

Niliongea nikiitazama ramani. Nilimwambia kwamba siku aliyokuja tulikuwa tumefagia. Nikataja mbuzi, punda, goli, sufuria ya rangi na nyuzi zilizolala chumbani kwetu.

Aliacha kukunja. "Mlitoa kila kitu?"

"Na tukanyunyizia maji."

"Kwa sababu yangu?"

"Wewe ulikuwa mgeni."

Alianza kucheka, akaweka mkono mdomoni, halafu kicheko kikamfutika usoni kabisa, akaiangalia ramani yake vile Susu alivyoiangalia. Alinieleza kwamba hawezi kubadilisha rangi kwa neno la msichana mmoja. Lazima aone, apige picha, aandike nani anatumia nini na kwa nini. Lakini muda wa kupokea maoni haujaisha, na atarudi Alhamisi, siku moja kabla ya soko.

"Sasa nisaidie kitu kimoja," alisema. "Mwambie shosho wako asifagie."

"Hiyo ndiyo itakuwa ngumu," nilisema, na sikuwa nafanya mzaha.

Ilikuwa ngumu kweli. Nilipowaeleza kina mama wa mwethya, walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Halafu walipoona sicheki, wakaudhika kidogo. Mama mmoja akauliza kama shule ndiyo inatufundisha kuwakaribisha wageni kwenye takataka. Mwingine akasema labda tuanike nyuzi nzuri tu, zile zilizokwisha kuchanwa, na goli lipakwe rangi.  Susu aliendelea kusokota uzi pajani, akausokota ukawa mwembamba kupita kiasi, ukakatika. Ndipo akasema waache kila kitu kama kilivyo. Alilisema hilo kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Alhamisi asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, nilimkuta mlangoni na ufagio.

"Susu, leo achia."

"Ni hapa tu kwa mlango."

Alifagia mlangoni. Akafagia njia. Akafika ukingo wa barabara, kiwanja kiko hatua chache mbele yake na majani ya mkonge yaliyokwanguliwa yamezagaa kila mahali, akasimama pale kama msafiri aliyefika mpakani bila kitambulisho. Nilishika ncha ya pili ya ufagio. Tulikaa hivyo kidogo, kisha akaniachia.

Mzee wa mbuzi alifika na kundi lake, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Akanivuta pembeni. "Binti, una hakika? Hata kinyesi?"

"Hata kinyesi, mzee."

Akatikisa kichwa, akawafungulia mbuzi.

Yule dada alikuja na raba zilezile nyeupe, na hazikubaki nyeupe. Alipita kila mahali. Alipiga picha nyuzi kwenye kamba, nyekundu na njano na zile za rangi ya udongo, zikipepea juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wanacheza mpira chini yake. Aliwauliza wenye punda wanapumzika saa ngapi na wangeenda wapi kama si hapa, nao wakatazamana, maana hawakuwahi kuulizwa. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna kamba ya begi lake. Kila alikoenda Susu alikuwa nyuma yake akiomba radhi: pole kwa majani, pole kwa moshi, pole kwa huyo mbuzi.

Kijana wa boda boda alikuja pia, akaegesha pikipiki akasikiliza. Alikuwa bado anataka godauni, na hakuficha. Yule dada hakumbishia. Alimwuliza tu lori lingeingilia wapi. Kijana akafungua mdomo kujibu, akatazama barabara, akatazama kona ya posho mili, mahali ambapo hata pikipiki mbili zikikutana lazima zisalimiane kwanza.

"Kule chini," akasema mwishowe. "Karibu na barabara kubwa. Huko malori yanapita tayari. Na huko niko na stegi ya pili." Watu wakacheka, naye akacheka.

Jua lilipopanda, Susu alichoka kuomba radhi. Akaketi kwenye kigoda chake, akampa yule dada kingine, akamtilia nyuzi mkononi amfundishe kusokota, kwa sababu hawezi kumwona mtu ameketi mikono mitupu. Yule dada alisokota vibaya sana. Susu alimrekebisha vidole. Na mikono yao ilipokuwa inafanya kazi, bila kuinua macho, Susu akasema lile lililomshinda kwenye maikrofoni.

"Ile siku ulikuja nilificha kazi yetu. Nilitaka uone sisi ni watu wazuri."

"Shosho, niliona nyinyi ni watu wazuri," yule dada alijibu. "Ila sikuona mnafanya nini."

Susu akavuta uzi. "Basi sasa umeona."

"Sasa nimeona."

Wakaendelea kusokota. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza mikono yangu niiweke wapi.

Rasimu ya pili ilianikwa ukumbini kabla shule hazijafunguliwa, kwa vibanio vilevile. Safari hii Susu hakunituma. Alitangulia mwenyewe, akaanzia kanisani kama nilivyoanza mimi, akashuka hadi posho mili, akakata kona na kidole chake chenye rangi isiyotoka hata kwa sabuni, akasimama. Macho yake yalikuwa mazuri siku hiyo.

"Ni kijani," alisema.

Nikamsomea maelezo: kiwanja cha shughuli za jamii. Si chote. Ukanda wa juu umekatwa kwa ajili ya mtaro na njia ya miguu, na punda watalazimika kusogea. Mistari ya zambarau imehamia chini, karibu na barabara kubwa. Yule dada alituonya kwamba mpango bado lazima upite kwenye bunge la kaunti, na huko unaweza kuguswa tena, kwa hiyo tusichinje mbuzi bado. Mzee wa mbuzi aliposimuliwa hayo alisema mbuzi wapo, tutakapokuwa tayari tumwambie.

Mimi nina matumaini. Mtu mmoja kule ofisini sasa anajua kile cheupe kilikuwa nini, na picha anazo, pamoja na ya mbuzi aliyemlia kamba ya begi.

Kesho yake asubuhi Susu alitoka na ufagio, akasimama ukingoni mwa barabara.

"Leo wageni hawaji?" aliniuliza.

"Hawaji, Susu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akavuka. Alifagia kuanzia upande wa mbuzi kwenda juu, akazunguka miti ya goli, akapita chini ya nyuzi akiziinua kwa mkono mmoja kama pazia, akayakwepa mawe ya jiko. Hakuondoa kitu. Wanafunzi wenzangu wawili walikuwa wanapita wakienda dukani, na hapo hapo akaniita, lile jina la utotoni, kwa sauti ileile ya kuvuka bonde, nilete maji ya kunyunyizia.

Nikachukua ndoo nikaenda.